Vyuma vya Benchi la Stendi

Halmashauri ilichoka kuona watu wanalala stendi. Unadhani iliwatafutia pa kulala? Thubutu. Ilitafuta fundi wa kuchomelea, agawe kila benchi vipande kwa vyuma vya kusimama, abiria wakae ila mtu asijinyooshe.

Fundi alishapokea kazi ndipo akaonyeshwa mabenchi. Lile la mwisho, jirani na choo, ndilo kitanda cha kaka yake wa tumbo moja, aliyemfundisha kazi hiyohiyo mpaka macho yakaingia ukungu na kifua kikaharibika. Chini kwenye saruji halali, kikohozi kinamkaba. Nyumbani kwa fundi ni chumba kimoja, mke, watoto na mama mkwe. Kaka alikaa siku chache, akaona aibu, akaondoka mwenyewe.

Liwalo na liwe, fundi akajisemea. Mabenchi mengine alichomelea kisawasawa. La kaka akashikiza tu, tone la moto hapa, tone pale, kisha akapaka rangi kuficha. Kaka akija kulala, atavuta kidogo na chuma kitatoka. Ofisa wa halmashauri akapita akigonga kila chuma kwa ufunguo wa gari.

"Safi," ofisa akasema. "Kusanya vifaa."

Fundi hajashusha pumzi, kaka huyo, boksi la kulalia kwapani. Akaketi benchini kwake, akakuta chuma ubavuni. Vidole vyake vikashuka taratibu mpaka kwenye maungio.

"Nani kachomelea hiki?"

"Ni mimi, kaka. Rangi mbichi hiyo, achana nayo." Fundi akamkonyeza. Kumkonyeza nani sasa, mtu haoni hata mkono wake vizuri?

"Wewe? Hapa umeshikiza tu. Ndivyo nilivyokufundisha? Mama wa watu ataegemea hapa aanguke." Akavuta. Chuma kikabaki mkononi mwake.

Ofisa, aliyekuwa hajaondoka, alikitazama chuma, akamtazama fundi. "Rudia. Nipo hapahapa mpaka umalize."

Fundi akainama sikioni kwa kaka yake. "Nilikuwa nakuachia pa kulala, kaka."

Kikohozi kikamshika kaka, kikamwachia. Akapapasa ukingo wa benchi, huku na huku, kama anayetafuta kitu alichokiweka pale jana.

"Ungeniambia, mdogo wangu," akasema polepole.

Fundi alivaa miwani ya kazi mapema, moto haujawashwa, maana machozi yalishamjaa na ofisa alikuwa anaangalia. Kaka akasukuma boksi lake pembeni kwa mguu, akapiga goti, akakisimamisha chuma palepale kilipotoka.

"Washa mashine," akasema. "Nakushikia."

Na akakishika wima, bila kutikisika, mpaka fundi alipomaliza.