Kidole cha Mama Prezidante

Mtaa mzima wa Nyakasanza hakuna aliyejua kusema juu ya SIDA, yaani UKIMWI, kama Dorothée, prezidante wa akina mama wa parokia. Alisema sokoni, alisema kisimani, hata kwenye matanga alisema, mpaka wafiwa wakamwomba apumzike kidogo. "Mabinti, mupimwe! Dawa iko, ni ya bure!" Yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Aliogopa, basi. Leo ana kikao, kesho kichwa kinamuuma, keshokutwa muuguzi ni jirani. "Muongo mukubwa weye," alijiambia kwenye kioo, huku akifunga kitambaa chake vizuri.

Siku hiyo ukumbi wa parokia ulijaa wasichana. Muuguzi Gracieuse alikwisha kupanga vipimo mezani, na hakuna aliyesogea. Ndipo Elodie, binti asiyejua kumeza neno, akainua mkono.

"Mama prezidante, weye ulipimwa lini?"

Wakacheka wote. Kiburi kikampanda Dorothée. "Aka! Munaogopa kasindano? Muone!"

"Unakubali kabisa, mama?" Gracieuse aliuliza.

"Kabisa! Choma!"

Alidhani ni maonyesho tu, kama watoto wa komunyo ya kwanza wanavyofundishwa kupokea kwa hostia ambayo padri hajaibariki. Gracieuse akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, akaenda nacho nyuma ya pazia.

"Unakipeleka wapi?" Dorothée alinong'ona.

"Kukisoma, mama. Damu ni damu."

Moyo ukampasuka. Mume wake, Josaphat, aliendesha lori la kwenda Aru, mpakani, na huko hulala juma zima. Miaka yote Dorothée alihubiri juu ya madereva wa malori kana kwamba yeye ameolewa na askofu. Mjinga wee! Akaendelea kuwachekea wasichana mpaka mashavu yakamuuma.

Baadaye Gracieuse akamwita nyuma ya pazia. Kipimo cha kwanza kilionyesha virusi. Cha pili, cha kuhakikisha, kikaonyesha vilevile.

"Dawa iko, mama," Gracieuse akaanza polepole. "Ukimeza kila siku..."

"Nyamaza, hiyo maneno ni yangu!" Dorothée akasema, kisha akalia. Alimkasirikia Josaphat, akajikasirikia zaidi mwenyewe. Hotuba zake zote, jinsi zilivyopigiwa makofi, hazikumfariji hata kidogo.

"Ni siri yako," Gracieuse akamwambia. "Hakuna mutu anakulazimisha kusema."

Alipotoka, Elodie alikuwa amesimama kando ya kiti cha kupimia, mdomo wote umemwisha.

"Mama, inauma?"

Dorothée alikuwa na jibu lake la kila siku, lile la kuchekesha, kwamba hata mbu anauma kuliko sindano. Safari hii halikutoka.

"Inauma," akasema. "Niko nayo, mutoto yangu. Nimeijua saa hii. Ningepimwa zamani, ningeanza dawa zamani."

Elodie akautazama mlango, akamtazama Dorothée. Kisha akaketi, akampa Gracieuse mkono mmoja, na kwa ule mwingine akamshika Mama Prezidante kwa nguvu.