Fomu ya Vitu vya Marehemu

Elfu kumi na nne na mia mbili! Kwa nguo kuukuu! Nilimkodolea macho Ahmednur, karani wa ofisi ya vifurushi pale Homa Bay, hadi akainamisha kichwa.

"Mama, usinikasirikie mimi, ni forodha. Mwenye mzigo akija mwenyewe na pasipoti, halipi kitu."

"Mwenye mzigo ni binti yangu Apondi, na wanasema amekufa."

"Woi, pole sana. Basi kuna fomu ya vitu vya marehemu. Tia sahihi hapa, uambatishe barua ya chifu, uchukue bure."

Barua ya chifu ninayo. Shemeji yangu Elkana alinikabidhi, maana yeye ni mtu wa kupenda mambo yaishe haraka. Apondi alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Desemba wakala akapiga simu: amezama baharini, mwili haujaonekana. Kwetu mwili ukikosekana huzikwa yago, tunda refu la porini, ili marehemu atulie asirudi kusumbua watu. Elkana akalitafuta, akalivika sanda, Januari wakalizika. Mimi sikutupa hata konzi moja ya udongo. Wakanuna. Shauri yao!

Sasa huu mzigo umetumwa tarehe tisa Februari. Mwandiko ni wa Apondi, umelala upande kama mtu mvivu.

"Leo asubuhi kuna dada alikuja kuuliza kama umelipiwa," Ahmednur akasema. "Nikamwomba pasipoti, akasema imelowa. Hata yeye alikuwa amelowa chapachapa. Na mvua haijanyesha wiki mbili, mama."

Nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe, na naona haya kusema hivyo. Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Sahihi moja tu, niende zangu, na Elkana asinisumbue tena.

Nitie sahihi kifo cha mwanangu kwa ajili ya ushuru? Thubutu! Nikafungua leso, nikatoa pesa zote za mahindi, nikamhesabia Ahmednur mpaka shilingi ya mwisho. Barua ya chifu nikaichana mbele yake.

Sijafika hata mlangoni, simu ikalia. Elkana.

"Shemeji, njoo mbio. Kuna mtu amesimama getini. Mbwa wamejificha chini ya ghala."

"Ni nani?"

"Anatiririka maji. Anasema hawezi kuingia mpaka aongee na wewe." Alikuwa analia, mzee mzima. "Tulishamzika, shemeji. Nisifungue, sivyo?"

"Mpe simu."

Nikasikia Elkana akipenyeza simu getini na kukimbia. Halafu nikasikia pumzi nzito, yenye maji.

"Mama," akasema Apondi. "Ulilipa, au ulitia sahihi?"

"Nimelipa, mwanangu. Nimelipa yote."

Nikasikia komeo la geti letu likivutwa, na Elkana akipiga yowe kutoka mbali, ndani ya nyumba.