Tanga la Kuviringisha

Kiharusi kilimpata Mzee Rehani mwezi wa tatu, akiwa bafuni. Kikamchukulia mkono wa kulia, kikamchukulia na maneno. Yaliyorudi yalikuwa machache, tena mengi si yale aliyoyakusudia. Akitaka chai alisema "ufunguo." Akitaka kwenda msalani alisema "kesho." Mkewe, Mwanaheri, akajifunza kumsoma machoni.

Zamani Rehani alikuwa fundi wa maabara chuoni. Alipostaafu alijenga mashua ndogo ya tanga uani kwao, Kilakala, akapiga randa mwaka mzima. Kila Jumamosi aliipakia kwenye pikapu, akaipeleka kwenye bwawa la shamba moja la mkonge nje ya mji. Mwanaheri alipanda mara moja tu. Siku hiyo mumewe alimwachia usukani, akatambaa mpaka mbele kuteremsha tanga, na mashua ikalala ubavu huku yeye yuko peke yake nyuma, ameshika mti asiojua kazi yake. "Sirudi tena," alisema walipofika ufukoni, na kwa miaka sita hakurudi.

Sasa mashua ilikaa juu ya matofali, na kila Jumamosi Rehani alivaa kofia akaketi barazani kuitazama. Hilo ndilo lililomuumiza Mwanaheri kuliko maradhi yenyewe.

Siku moja, akitafuta kadi ya kliniki kwenye droo, alikuta daftari la mumewe. Ndani mlikuwa na mchoro wa tanga la mbele, limezungushwa kwenye waya kama uzi kwenye bobini, na kamba ndefu iliyotoka pale mbele hadi kwenye kiti cha nyuma. Ukiivuta kamba, tanga linajiviringisha. Ukiiachia, linafunguka. Hakuna wa kutambaa. Pembeni ya kiti Rehani alikuwa ameandika: "Mwanaheri akae hapa, nami karibu yake." Tarehe ilikuwa ya Februari, mwezi mmoja kabla ya kiharusi.

Mwanaheri aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akatoka, akaliweka daftari magotini mwa mumewe.

"Baba Latifa, hiki ni nini?"

Rehani aliweka kidole juu ya kile kiti. "Ufunguo," alisema, na machozi yakamtoka.

"Basi tanga hili nitalitengeneza. Mimi fundi cherehani. Bobini naijua kuliko wewe."

Akalitandaza tanga sebuleni. Akashonea waya kwenye ukingo wa mbele, akavunja sindano nne. Kwenye ukingo wa nyuma akashonea, upande mmoja tu, utepe mpana wa turubai la bluu, kama daftari lilivyoelekeza, ili tanga likishaviringishwa utepe ulifunike kwa nje, jua lisile kitambaa. Bobini yenyewe, ya kuzungushia kamba chini ya tanga, kubwa kama sahani, ilichomelewa na Mikidadi, fundi vyuma wa mtaa wa Mafiga, ikawekewa beringi ya pikipiki.

"Shikamoo mama. Hii ni ya mashine gani?" Mikidadi aliuliza alipoileta.

"Marahaba. Ni ya mume wangu."

Yeye na Mikidadi walisimamisha mlingoti palepale uani, kijana akaenda zake. Mwanaheri akapanda ngazi, akafunga ncha ya juu ya waya. Akashuka, akafunga bobini kwenye pua ya mashua, akapitisha kamba kwenye pete mpaka nyuma. Akavuta. Tanga likajiviringisha lote, jembamba kama mkeka uliokunjwa. Akapiga kigelegele peke yake.

Rehani alikuwa anagonga mkono wa kiti. "Kesho! Kesho!"

"Unataka msalani?"

Akatikisa kichwa kwa hasira. "Kesho!"

"Wiki tatu ninahangaika, na bado unaninunia?" Mwanaheri aliingia ndani, akafunga mlango. Dakika chache baadaye aibu ikamtoa.

Alimkuta mumewe ameanua kanga ya mkewe kwenye kamba ya nguo. Ameshikilia mpini wa fagio kwa magoti, anaviringisha kanga kwa mkono mmoja na kidevu. Maandishi ya kanga yakaingia ndani, hayaonekani. Akaikunjua kwa meno, akaigeuza, akaanza upya. Safari hii maandishi yakawa nje. Kisha akaelekeza kidole kwenye tanga.

Lilikuwa jeupe tupu. Utepe wa bluu ulikuwa umefichika ndani.

"Nimelizungusha kinyume," Mwanaheri alisema taratibu. "Nisamehe, baba. Jua lingelimaliza."

Rehani alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima.

Wakalifungua tanga, wakatoa kamba yote, wakaanza kuizungusha upya kwenye bobini, kwa upande mwingine. Mkono wa kushoto wa Rehani ulishikilia bobini isicheze, Mwanaheri akazungusha. Ndipo aliposikia sauti karibu na sikio lake: "Moja. Mbili. Tatu." Aliendelea kuzungusha bila kuinua uso, akihofia kuyashtua yale maneno. "Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane." Hakukosea hata moja. Walipovuta kamba, bluu ikajifunika juu ya nyeupe.

Jumamosi iliyofuata Mikidadi aliwapeleka bwawani kwa pikapu, akamsaidia mzee kupanda, akawasukuma. Mwanaheri alishika usukani kwa mikono miwili. Rehani aliketi ubavuni pake, bega kwa bega, kamba ikiwa kiganjani mwake. Akailegeza. Tanga likafunguka, mashua ikaondoka.

Walipofika katikati, upepo wa milima ya Uluguru ukashuka ghafla, mashua ikainama.

"Baba Latifa!"

Rehani alivuta kamba mara tatu, akaibana chini ya mguu, akavuta tena. Tanga likapungua mpaka likabaki kama leso. Mashua ikasimama wima, maji yakigonga mbao polepole. Mwanaheri akagundua kwamba wakati wote ule mumewe hakuwa ameondoka pale ubavuni.

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Ufukoni Mikidadi alikuwa amesimama, anapunga mikono, anauliza kama aje.

"Bado!" Mwanaheri alimpigia kelele. Kisha akamgeukia mumewe. "Lifungue kidogo. Twende hadi kule kwenye matete."