Presha ya Mzee Khatib

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Tangu alfajiri yalinyesha manyunyu ya vuli, mawe ya kichochoro yakawa yanateleza, na Mzee Khatib akamshukuru Mungu kwa kumpa kisingizio cha kutoshuka.

Kwa kweli hakuhitaji mvua. Tangu Idi Kubwa alikuwa hashuki ila kwa sala ya Ijumaa. Mkate, samaki, hata gazeti, vyote vilipanda kwa kikapu cha kamba hadi dirishani kwake, ghorofa ya tatu. Majirani walidhani ni uvivu. Yeye peke yake alijua jinsi ngazi zile zilivyombana kifua, na hakusahau kwamba baba yake alianguka ngazini akafa papo hapo akiwa na miaka hamsini na tisa. Khatib alikuwa na hamsini na nane na miezi kumi.

Asubuhi hiyo wauguzi walipita mtaani kupima watu presha.

"Mzee Khatib!"

"Naam!"

"Shikamoo! Mimi Salhiya, muuguzi. Shuka tukupime, bure."

"Marahaba, mwanangu. Magoti haya! Tia mashine kwenye kikapu."

Hamid, mshona kanzu wa pale chini, alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Lakini Salhiya hakutaka kumkosa mtu hata mmoja, akaitia mashine ya presha pamoja na maelezo yake.

Juu, Khatib aliitazama mashine kama aliyeletewa nyoka. Halafu akamgeukia mkewe.

"Mwanakheri, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nnataka kuona kama inafanya kazi."

Haukupita muda kikapu kikateremka na mashine, na kikaratasi kilichoandikwa: 118 kwa 76.

"Mashaallah!" Salhiya akapaza sauti. "Presha ya msichana!"

"Basi ashuke tushindane mbio mpaka Mnazimmoja!" akadakia Hamid.

Khatib alitabasamu dirishani kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Mara kichwa cha Mwanakheri kikachomoza ubavuni mwake.

"Namba zangu hizo! Msichana ni mimi!"

Kichochoro kizima kikaangua kicheko. Khatib akarudi ndani, uso umemwiva. Mkewe hakucheka.

"Kila alfajiri unamwomba Mungu akupe umri. Leo kakuletea muuguzi mpaka chini ya dirisha, nawe unamteremshia kikapu? Unadhani siku zote sikusikii unavyohema?"

Khatib akashuka, kila ngazi na bismillahi yake, akapumzika mara mbili. Salhiya alimkalisha kimya dakika tano kwenye benchi la Hamid, kisha akampima. 172 kwa 104. Akarudia. Haikushuka.

"Na kifua kinabana ukipanda?"

"Kinabana," Khatib akasema kwa sauti ndogo. "Nshachelewa, mwanangu?"

"Hujachelewa, mzee. Lakini mishipa ikianza kuwa migumu haipigi hodi. Nenda hospitali leo hii, wakupime moyo na mafuta ya damu."

Hamid alikwisha kuweka kanzu chini na kuvaa viatu vyake. Khatib akainuka, akawatazama wote, wa benchini na wa madirishani.

"Shuhudieni nyote! Wallahi nnakwenda hospitali sasa hivi, na dawa nitakazopewa nitakunywa mwenyewe. Sitampa Mwanakheri aninywee!"