Mbuzi wa Ntheo Kati ya Treni Mbili

Kitendawili: nyoka wangu akilala, kijiji kizima hakivuki. Hicho hata mtoto wa nasari atajibu, maana kwenye stesheni yetu hii ndogo ya Makueni, treni ya mizigo ikisimama, hata maiti inangoja.

Jumanne hiyo nilikuwa napeleka mbuzi watatu wa ntheo. Kwetu Wakamba, msichana hajaolewa mpaka mbuzi hao wapokelewe kwao. Mtoto akizaliwa kabla, ni wa babake msichana. Na Kalekye, mchumba wa mjukuu wangu Ben, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, Ben yuko naye hospitali. Miezi saba tulikuwa tumewafungia mbuzi zizini, tukisema tungoje wanone. Ujinga wetu.

Nilivuka reli ya kwanza, nikapanda jukwaa la katikati. Treni moja ikaja, ikasimama mbele yangu. Kabla sijageuka, ya pili ikaziba nyuma. Mabehewa huku, mabehewa kule, na jua la saa saba kichwani.

"Susu, injini imezima," akasema Mwau, msimamizi wa stesheni, akiniita nyanya kwa Kikamba. "Labda saa kumi."

"Saa kumi? Kwani mtoto ananingoja mimi?"

"Na usipite chini! Nakuona."

Magoti yangu yalikuwa yamekataa kabla yake. Niliinama tu. Ng'ambo ya magurudumu nikaona raba za Kathini, nyanya yake Kalekye, na gambuti za mwanawe Kiilu, babake Kalekye, wakinisubiri.

"Kathini! Mbuzi ndio hawa!"

"Kuwasikia wakilia si kuwapokea," akajibu Kiilu. "Mlikuwa mnangoja nini? Waote pembe za ng'ombe?"

Nikawasukuma mbuzi wapite chini. Mbuzi wa kijiji hupita hapo kila siku, lakini hawa wangu wa zizini hawakuwahi kuona reli. Wakakita miguu, wakanyamaza kabisa.

Nikafunga wote watatu kwa kamba moja, nikaongezea leso yangu, nikafunga jiwe mwishoni na kurusha chini ya behewa.

"Mama, achana nayo," Kiilu akasema. "Kamba si mbuzi."

"Wewe ulipooa, wakwe zako walikumbatia mbuzi shingo?" Kathini akamuuliza. "Walipokea kamba. Mbuzi akafuata."

Nikaona mkono wake umeshuka. Leso ikakazwa.

"Nimeshika, mkwe wangu!"

Simu ya Kiilu ikalia. Akasikiliza.

"Mvulana," akasema. "Sasa hivi tu." Kisha, polepole: "Mama, ulishika lini?"

"Kabla simu yako haijalia. Ama utabishana na mamako mbele ya wakwe?"

Gambuti zikasogea, zikarudi. Akakohoa.

"Ben," akasema kwenye simu, "mwambie nesi aandike jina la kwenu."

Nikakaa chini pale pale, sina pa kwenda, nikapiga vigelegele.

"Susu, hapa ni stesheni!" Mwau akafoka.

Nikaongeza.