Shati la Kikundi cha Nne

Mjomba alinyanyua mkono wa kulia, na shati likapanda mpaka kitovuni.

"Mpwa wangu," alisema, "hili nimeshonewa mimi au adui yangu?"

Mpwa wake, mtunzi wa kozi ya ushonaji kwa mtandao, hakucheka. Alipima kwa tepu pale mkono ulipoungana na kiwiliwili, akaandika tofauti, akamvua. Mjomba, dereva mstaafu asiye na shughuli asubuhi, ndiye aliyetoa vipimo vya zoezi zima: kifua chake, mabega yake, shingo yake. Kila kikundi kilikuwa na wanafunzi watatu wanaoishi miji tofauti. Mmoja alishona kiwiliwili, wa pili mikono, wa tatu kola. Vipande vilitumwa ofisini kwa vifurushi na fundi wa ofisi akaviunganisha. Sasa mashati sita yalikuwa mezani, na matano hayakuvalika.

La sita lilikuwa la kikundi cha nne. Lilimkaa mjomba kana kwamba amezaliwa nalo.

"Hili sivui," alisema.

Mkuu wa kitengo aliingia bila kubisha, akayatazama yale matano.

"Uliniambia kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Haya, vidole vitatu vimemkosa chawa mara tano. Jumatatu tunafuta vikundi. Kila mwanafunzi na video yake, na shati lake."

"Na kikundi cha nne?"

"Wamedanganya. Umesoma jukwaa lao la majadiliano?"

Alikuwa amesoma. Vikundi vingine viliandika kurasa: salamu, pongezi, ahadi za kushirikiana. Kikundi cha nne kiliandika neno moja, "Sawa."

"Mmoja kashona, wawili wamevuna," mkuu alisema.

Ilikuwa hoja inayopimika. Mtunzi alimvua mjomba shati kwa nguvu, akaligeuza ndani nje. Kola ilikuwa na mishono midogo iliyobanana. Mikono ilishonwa na cherehani inayolegeza uzi wa chini. Pindo la kiwiliwili lilimaliziwa kwa sindano ya mkono, mishono ya mlalo, ya mtu mwenye subira.

"Hawa ni watu watatu," alisema.

Mkuu aliinama, akatazama, akanyooka. "Basi nieleze walifanyaje. Una mpaka Jumatatu."

Mchana aliwapigia wote watatu kwa simu ya pamoja. Aliyeshona kiwiliwili alikuwa fundi mapazia mstaafu, ambaye wenzake walimwita Babu Pazia. Wa mikono alikuwa nesi. Wa kola alikuwa mama kijana. Mtoto wake alisikika akigonga sufuria.

"Kwa nini hamkuandika jukwaani?"

"Nitaandikaje, mwanangu, na mkono uko kwenye sindano?" alisema Babu Pazia. "Tunapigiana."

"Anapiga yeye," nesi alisema. "Hata nikiwa zamu. Babu huyu ni king'ora."

"Nisingepiga ungekata mikono ya tembo!"

"Mlikuwa mnaongea nini?" mtunzi aliuliza.

"Si vile vipimo mlivyotuficha," alisema mama wa kola.

"Tuliwaficha?"

"Mwalimu, usijifanye! Karatasi yangu haikuwa na kipimo cha shingo. Ya dada nesi haikuwa na tundu la mkono. Tukasema, haya, tumetegwa."

"Nikamwomba Babu anipe tundu la mkono," nesi alisema. "Akanitajia. Nikamuuliza, hapo umeshaweka nafasi ya mshono au bado? Akasema ameshaweka. Na mimi nilikuwa niiongeze tena."

Mtunzi alifungua mafaili yake. Hakuwa amemtega mtu. Karatasi alizopakia kwa kikundi cha nne zilikuwa rasimu ya zamani, ambayo hakuwa ameijaza yote. Wengine wote walipata vipimo vyote, safi, kamili. Kwa hiyo hakuna aliyemhitaji mwenzake. Walisalimiana kwa adabu, kisha kila mtu akakata kivyake: mmoja akaongeza ile nafasi ya mshono, kitambaa kinachoachwa nje ya uzi, mwingine akadhani imeshaongezwa. Yeye aliwagawia kazi, lakini hakuwapa sababu ya kuongea.

Jumatatu alimweleza mkuu hivyo hivyo.

"Yaani kosa lako limefaulu, na mpango wako umeanguka?"

"Ndiyo."

"Na unakuja kuniambia mwenyewe."

"Nina shati moja tu, halithibitishi kitu. Labda ni Babu Pazia na simu yake. Nipe awamu moja zaidi. Vikundi vitatu vipate vipimo vyote, vitatu nivipunguzie makusudi."

"Vyote vikiharibika?"

"Nitarekodi video mwenyewe."

Mkuu alilichukua shati la kikundi cha nne, akavuta bega, akaliachia. "Awamu moja," alisema.

Asubuhi ya awamu mpya, ujumbe wa kwanza jukwaani ulitoka kwenye kikundi kilichopunguziwa vipimo: "Mwalimu, karatasi yangu haina tundu la mkono."

Jibu alilijua kwa kichwa. Lilikuwa limeketi mbele yake, limevaa lile shati la kikundi cha nne: mjomba, aliyekataa kulirudisha. Aliikalia mikono yake.

"Mtu anakuuliza na wewe kimya," mjomba alisema. "Mama yako hakukulea hivyo."

"Subiri, mjomba."

Mjomba alimaliza chai yake. Skrini haikubadilika. Kisha ukaingia ujumbe mwingine, wa mtu yule yule, lakini safari hii haukuelekezwa kwa mwalimu.

"Haya, huyu mwalimu kalala. Nani ana kiwiliwili humu? Nipigie."

Mtunzi alisogeza kiti karibu na skrini, ingawa alijua hapangekuwa na kingine cha kusoma. Watakayoambiana hangeyasikia. Angeyapima kwapani mwa mjomba.