Rangi ya Upande wa Kuku

Nina koti jekundu lisilochuja. Jua limelipiga, mvua imelipiga, na kila apitaye njiani hulisifu, kumbe bitana yake imeliwa yote. Mimi nani? Usinipe mji upesi hivyo, waza kwanza, maana hata Mama Vipande, aliyelishwa na kazi ya kuchagua makoti kama hayo, hakulipata jibu mpaka alipoletewa mezani.

Jina la Mama Vipande alipewa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuchagua rangi za mabati: rangi ipi ipakwe juu ya chuma kipi, iwe nene kiasi gani, iokwe kwa moto gani, na iende kwenye nyumba ya namna gani. Mkoba wake ulijaa vipande vya bati vya ukubwa wa kiganja, na ukikaa naye benchi moja, kimoja kilikuwa lazima kikuchome mbavu. Juu ya paa la kiwanda aliwekewa kichanja. Huko alivilaza vipande vyake kama dagaa, vikaanikwa miaka na miaka, naye hupanda kuvipitishia kidole aone kipi kimepauka na kipi kimeanza kutoa unga. Kipande kilichostahimili kichanja ndicho alichokiamini. Naye akisema rangi fulani inafaa, watu waliezeka wakalala usingizi.

Basi asubuhi moja dada yake mkubwa akaingia. Dada huyu alikuwa mfuga kuku, kuku wa mayai, banda refu kama bweni. Hakusalimia mtu langoni. Akaja moja kwa moja hadi chumba cha vipande, akatua bati jekundu juu ya meza.

"Lione."

"Naliona, dada. Mbona zuri tu."

"Ligeuze."

Mama Vipande akaligeuza. Rangi ya chini ilikuwa imeota malengelenge, mahali pengine imebanduka kama ganda la kidonda. Chuma chenyewe kilikuwa kimefanya unga mweupe, na karibu na ukingo kidole chake kikapenya kikatokea upande wa pili.

"Ndiyo lote hivi?"

"Paa zima. Mvua ikinyesha, mimi na kuku tunaoga pamoja. Vifaranga wananifia kwa baridi." Dada akavuta kiti akakaa kwa kishindo. "Na, mdogo wangu, siku naezeka nilijigamba mbele ya ukoo mzima kwamba rangi hii kaichagua mtoto wa mama yangu. Sasa shangazi ananiuliza kama huyo mtoto alichagua macho yakiwa wazi."

"Shangazi naye."

"Muache shangazi. Nakupa msimu huu mmoja, nitajibanza chini ya maturubai. Ukinipatia bati linalokaa, naezeka lako. Ukishindwa, naezeka vigae, na ukija kwangu usinitajie habari za rangi tena."

Hilo la mwisho lilimwingia Mama Vipande kuliko shangazi. Tangu utotoni dada ndiye aliyemchagulia kila kitu, gauni, shule, hata namna ya kusuka nywele. Rangi peke yake ndiyo jambo ambalo dada huja kumwuliza yeye.

Akaomba ruhusa kazini, akafuatana naye hadi bandani. Alikuwa amefika hapo mara nyingi, ila huishia mlangoni, achukue mayai yake aondoke. Safari hii akaingia mpaka kona ya ndani kabisa. Harufu ya kinyesi ilimpiga puani, macho yakamtoka machozi, kuku nao wakamtazama kama mgeni asiyejua adabu. Akainua mkono akagusa bati. Lilikuwa limeloa, na nje hapakuwa na mvua.

Hapo akaelewa. Mvuke wa kinyesi hupanda, hukutana na bati lenye baridi ya alfajiri, hugeuka jasho. Jasho lile ni kali, nalo hushinda limeng'ang'ania upande wa chini. Na kule kiwandani upande wa juu ndio uliovishwa: praima kwanza, ile rangi ya kushikilia chuma, kisha rangi nzito. Wa chini ulipitishiwa rangi ya kijivu nyembamba, ya kuuficha uchi tu. Miaka yote ya kichanja, vipande vyake vyote vililala chali, naye hakuwahi kukigeuza hata kimoja. Na angekigeuza angeona nini? Juu ya paa la kiwanda hapalali kuku.

Kesho yake akamwendea msimamizi wa mtambo wa kupaka na kuoka rangi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Tanuri.

"Nataka rangi nzito nyeupe chini," akamwambia. "Na praima chini. Juu weka ya kawaida."

Tanuri akavua miwani. "Mama Vipande, rangi nzuri unampaka kuku? Kuku tangu lini akatazama dari?"

"Kuku hatazami. Anapumulia."

"Na hiyo rangi nzito ya chini, nikiipa moto mdogo itatoka mbichi. Nikiipa mwingi itakauka kama biskuti, tukilikunja bati ipasuke. Unajua hilo."

"Ningekuwa silijui ningekuja kwako?"

Tanuri akacheka, akavaa miwani yake. Wakajaribu. La kwanza likatoka mbichi kweli, ukilikwaruza kwa ukucha rangi inafuata. La pili likapasuka migongoni lilipokunjwa. Wakapunguza mwendo wa mtambo, wakapunguza na moto, hata wakapata rangi iliyokunjika na chuma chake kama ngozi na goti.

Lilibaki swali la chuma. Mabati yao mengi yalikuwa na ngozi ya zinki iliyochanganywa na alumini, nzuri sana kwa mvua. Mama Vipande aliishuku kwa hewa ya kuku, maana alumini haipatani na ukali wa kinyesi. Kwa hiyo akatengeneza vipande vya namna tatu: bati lilelile la zamani, rangi nzito juu ya chuma chao cha kawaida chenye alumini, na rangi nzito yenye praima juu ya chuma cha zinki tupu, nene. Akavining'iniza kwenye kona mbaya kuliko zote, karibu na rundo la mbolea, uso wa chini ukitazama chini.

"Umekuja kunianikia nguo?" dada akamwuliza.

"Nguo za kuku, dada. Usizianue."

Msimu ukaenda. Maturubai yakapigapiga na upepo, dada akalalamika, shangazi akapata la kusema kila kikao. Tanuri, aliyeanza kwa mzaha, akawa kila akikutana na Mama Vipande anauliza, "Kuku wetu wazima?" Naye hujibu ni wazima.

Siku ya kuvitungua walikuwa watatu, yeye, dada na Tanuri, aliyekuja na shati lake la kutokea. Wakavisuuza kwa maji. Cha kwanza kilikuwa kimeoza, hakuna aliyeshangaa. Cha pili uso wake ulikuwa mzuri, ila pale kilipokatwa kwa mkasi chuma kilikuwa kimeliwa, na rangi imeanza kufunuka. Mama Vipande akakiweka kando.

Cha tatu kilitoka kwenye maji cheupe, rangi yake nzima. Ukingoni palikuwa na mstari mdogo wa unga, basi. Akakikunja kama karatasi, akabandika selotepu juu ya mkunjo, akaisugua kwa kidole gumba, akaivuta kwa mkupuo mmoja.

Selotepu ikatoka tupu. Hata vumbi la rangi halikuifuata.

"Nipe," akasema dada. Akakiweka juu ya jiwe, akakipondaponda kwa nyundo ya kupigilia misumari, akakikwaruza, akakinusa. Mwisho akamgeukia Tanuri, akalitazama lile shati la kutokea kwa utani.

"Shemeji, hilo tanuri lako linawashwa saa ngapi? Maana mimi nataka paa."

Likaezekwa kabla ya mvua, jekundu juu, jeupe chini, na lile jeupe likaleta mwanga bandani hadi kuku wakawa wanapepesa macho. Ukoo ukaja, shangazi akiwa mbele. Wakasimama uani wakilisifu lile jekundu.

"Ingieni ndani," dada akawaita. "Huko nje hakuna cha kuangalia. Shangazi, pita huku, inua uso. Upande huo ndio kauchagua mdogo wangu."

Shangazi akainua uso, akatazama muda mrefu akitafuta kasoro. Mvua ikaanza kunyesha wakiwa humo humo, ikapiga bati mpaka watu wakawa hawasikilizani. Hakuna tone lililopita. Chini, kuku wakaendelea kudonoa chakula chao, na dada akamvuta Mama Vipande karibu, akamwekea mdomo sikioni.

"Sasa nichagulie na rangi ya nyumba," akasema.